Hadithi ya vibaka watatu na tembo aliyezama

Mhariri, salamu na pole kwa kazi. Mi ni dereva bajaji hapa Dodoma mjini, asubuhi na jioni nabeba watoto watatu wa shule, wa darasa la pili, la nne na la tano, kutoka Ilazo kuja mjini na kuwarudisha, katikati ya hapo napiga tripu kama wenzangu. Wiki iliyopita nimepoteza abiria mmoja, yule wa darasa la pili, na sio kwamba nilichelewa au nilikimbiza chombo, ni kwa sababu ya hadithi ninayowasimulia njiani. Mama yake alinifuata getini akaniambia kwa upole tu, maana ni mtu mstaarabu, "Baba, mimi mwanangu sitaki afundishwe wizi na mambo ya kichawi," akanilipa hela ya mwezi mzima japo mwezi ulikuwa haujaisha, akamshika mtoto mkono wakaingia ndani. Nimekaa na jambo hili siku kadhaa nikaona bora niandike, kwa sababu najua sio mama huyo peke yake anayewaza hivyo, na pia nina ombi kwa gazeti lako.

Hadithi yenyewe ilianzia kwenye foleni. Ilikuwa mwezi wa kumi mwaka jana, jua lile la Dodoma la kabla ya mvua, upepo unabeba vumbi unakuletea mpaka mdomoni, barabara imesimamishwa msafara upite, watoto wana njaa wanagombania nani akae pembeni, nikapaza sauti nikasema "Hadithi hadithi!" Wakanyamaza wakabaki wananiangalia. Hawakujua cha kujibu, Mhariri, watoto watatu wa Kitanzania hakuna hata mmoja aliyejua. Nikawafundisha palepale, mi nikisema hadithi hadithi nyie semeni hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea. Walivyoishika tu mi nikawa sina pa kukimbilia, lazima niwe na hadithi, na mbele yetu kwenye ile foleni kulikuwa na watoto wawili wa mtaani wanapita kati ya magari wanaomba hela, ndo hao wakaingia kwenye hadithi, wa tatu nikamuongeza mwenyewe.

Kisoda ni binti wa miaka 12, anaitwa hivyo kwa sababu hata akifumba macho anaweza kukuambia kilichoanguka chini ni sarafu ya mia mbili au ni kisoda. Pancha anachechemea mguu mmoja. Nusu ndo mdogo wao, miaka nane hivi, jina alipewa na makonda maana kila akipanda gari wanasema huyu nusu nauli. Wanalala nyuma ya mabanda ya stendi na wanaishi kwa kuchomoa mifuko ya wasafiri. Siku moja wanamchomolea bibi mmoja aliyeshuka kwenye basi, wanadhani wamepata fuko la hela, kumbe ni kibuyu, kitupu kabisa, lakini ukikitikisa unasikia maji. Watu wanapiga kelele mwizi! mwizi!, wanakimbizwa mpaka kwenye yale mawe makubwa ya milimani, wanajibanza ndani ya mbuyu wenye tundu, na ule mbuyu ndani hauna mwisho, wanashuka, wanashuka, mpaka wanatokea nchi nyingine.

Nchi hiyo sijaitoa mbali. Wazee wa Kigogo wanasimulia kwamba jina la Dodoma limetokana na neno idodomya, yaani imezama, kwamba tembo alikuja kunywa maji kwenye kijito akanasa kwenye tope akazama watu wanamuangalia. Utotoni nilisikia habari hii mara nyingi na kila mara inaishia hapo, tembo kazama, mji ukapata jina, basi. Hamna aliyewahi kuniambia tembo alienda wapi. Kwa hiyo kwenye hadithi yetu tembo yuko hukohuko chini, hai, mkubwa kuliko alivyoingia, na amezungukwa na kila kilichowahi kuzama na kupotea huku juu, ng'ombe waliokufa miaka ya ukame, nyimbo za zeze ambazo waliokuwa wanazijua wamefariki bila kumfundisha mtu, kandambili za mguu mmoja mmoja, funguo, meno ya watoto, mpaka majina ya watu waliosahauliwa. Tunaiita Nchi ya Vilivyozama. Wenyeji wake ni wekundu, warefu, wembamba, hawana sura, wanatembea miguu haigusi chini.

Hao watu wekundu nimewatoa Kolo. Zamani kabla ya bajaji nilikuwa utingo wa lori njia ya Kondoa, siku moja gari ikatuharibikia maeneo ya Kolo, tukiwa tunasubiri fundi kijana mmoja wa pale akatupandisha mlimani kuona michoro ya mapangoni. Michoro ile iliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, wageni wanatoka nchi za mbali kuja kuiona, na mi nilikuwa nimepita pale chini mara sijui ngapi nimekalia magunia ya alizeti bila kujua kitu. Kuna twiga, kuna tembo, kuna watu wembamba kama vijiti vya kuwashia moto, rangi nyekundu ya udongo, na wengine ni kama wanakimbia. Niliwaza kipindi kile, hawa wanakimbilia wapi? Lile swali nimekaa nalo miaka yote, nikaja kulijibu kwenye bajaji.

Sasa la wizi. Nitasema ukweli, kuna sehemu nilikosea. Siku moja nilieleza kwa urefu jinsi wale watatu wanavyofanya kazi, Pancha anamgonga abiria kama bahati mbaya, Kisoda anaomba samahani na kumfuta vumbi, Nusu anachomoa, na kesho yake yule wa darasa la tano akanichomolea leso mfukoni sijui hata saa ngapi, akanirudishia anacheka. Hapo mama ana hoja na ile sehemu nimeshaipunguza. Ila kuwatoa wezi wote kwenye hadithi siwezi, kwa sababu sisi wenyewe tumelelewa na mwizi. Sungura ni nani kama sio mwizi? Wanyama wamechimba kisima wakati wa ukame, yeye kagoma kuchimba, usiku anakuja anaiba maji na kuyavuruga juu, kila mlinzi anayewekwa anamlaghai, mpaka kobe anajipaka ulimbo mgongoni ndo ananaswa. Hiyo tumesimuliwa na bibi zetu, tena kwa watu wa huku kwetu ambako mvua ni msimu mmoja tu, ikiisha Aprili umeshaagana nayo mpaka Desemba, kuiba maji ya kisima sio kosa dogo hata kidogo! Na sijawahi kusikia mzazi amesema Sungura aondolewe. Na yule mkata kuni wa kwenye hekaya za Uarabuni, aliyejificha juu ya mti akasikia wezi wanauamrisha mwamba ufunguke, akaingia na yeye akabeba dhahabu, mbona tunampenda mpaka leo. Mtoto akisikiliza hadithi anashangilia mdogo kumshinda mkubwa, anashangilia akili, mali yenyewe hata haikumbuki.

Tena wanajadili mambo kuliko tunavyodhani. Yule wa darasa la nne aliniuliza, "Anko, kama huko chini kuna kila kitu kilichopotea, si wajaze mifuko wapande nacho?" Nikamrudishia swali, we unaonaje. Akafikiria kutoka mzunguko mpaka kituo cha mafuta, kimya, halafu akasema wajaze, ila kitu ambacho mwenyewe bado anakitafuta kiwe kizito, na kitu ambacho hamna anayekitafuta kiwe chepesi. Mi nilipunguza mwendo, yaani nilitaka nisimame kabisa. Tangu siku ile hiyo ndo kanuni ya Nchi ya Vilivyozama na imeibadilisha hadithi yote. Pancha aliokota mkufu wa dhahabu ukawa mwepesi kama unyoya, maana mwenye nao alishafariki na ndugu zake hawakuujua, ila kuna kandambili moja ya mtoto, ya bluu, imekatika mkanda, walijaribu kuinyanyua wote watatu ikawashinda. Wakakaa chini wakajiuliza huyo mtoto ni nani na kwanini bado anaitafuta. Hapo sikusema chochote kuhusu wizi kuwa mbaya, na nyuma pale kulikuwa kimya mpaka tunafika.

Kuna jambo ambalo watoto sijawaambia lakini wewe Mhariri nitakuambia. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye soko moja hapa mjini, nilikuwa nimepaki nasubiri abiria nikasikia ile kelele, mwizi mwizi, watu wakajaa, nilivyosogea nikaona aliyeko katikati ni mtoto, hata miaka kumi sidhani kama alikuwa ameitimiza, na alichokuwa amekishika mkononi ni kipande cha muwa. Hakuna aliyeuliza ameiba nini wala kwa nani, fimbo zilikuwa zinashuka tu. Mama mmoja muuza nyanya ndo aliyeingia katikati akamfunika kwa khanga yake. Mi abiria wangu alikuwa ameshakaa, nikawasha chombo nikaondoka. Sura ya yule mtoto ndo sura ya Nusu, kila nikimsimulia Nusu namuona yeye. Sheria yetu ya makosa ya jinai inasema mtoto chini ya miaka 10 hawezi kuhesabiwa hatia, lakini sokoni sheria hiyo haipo, sokoni likishatamkwa lile neno hapaulizwi umri. Nataka hawa wawili waliobaki kwenye bajaji yangu, na yule mmoja aliyetolewa, siku wakisikia ile kelele wakiwa watu wazima, kabla hawajaokota jiwe wamkumbuke Nusu alivyokuwa anaogopa giza ndani ya mbuyu. Ndo maana mwizi wangu lazima awe mtoto, na lazima awe na jina.

La pili ni uchawi, na hapa naomba nieleweke vizuri kwa sababu ndo kilichomtisha mama zaidi. Kiswahili chetu hapa kinabana kidogo. Ukisema uchawi mtu anaona ungo na fisi na watu kufa. Ukisema mazingaombwe ni wale wanaokuja shuleni kutoa mariboni mdomoni, watoto wanalipa wanacheka yanaisha. Ukisema miujiza umeshaingia kanisani au msikitini. Mbuyu usiokuwa na mwisho ndani hauko kwenye lolote kati ya hayo, mi huwa nasema ajabu, nchi ya ajabu, basi. Babu zetu walikuwa na ajabu tele na hawakuichanganya na uchawi, hayawani wanaongea, mto unaoimba, zimwi linatapika kijiji kizima kikiwa hai, na ile uwongo njoo utamu kolea ndo ilikuwa mkataba wenyewe, mtoto anaukaribisha uwongo kwa mdomo wake mwenyewe mlangoni, anajua ni uwongo, halafu ndo anaingia. Kwa hiyo anayesema tunawadanganya watoto, hapana, wao ndo wameuita.

Lakini hofu ya mama siibezi hata kidogo. Nchi hii wazee wetu, hasa bibi zetu huko Kanda ya Ziwa, wameuawa kwa sababu ya macho mekundu tu, macho yaliyoharibika kwa moshi wa kuni na samadi miaka hamsini jikoni. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, tangu Mwingereza, na bado. Mtu mwenye mtoto mdogo akisikia neno linalofanana na hayo lazima ashtuke. Ila sikiliza kilichotokea. Siku ya kwanza nilivyosema bibi mwenye kibuyu ana macho mekundu, watoto wote watatu walisema kwa pamoja, "Mchawi!" Sio mi niliyewafundisha, wamekuja nalo, wamelitoa huku huku mitaani kwetu. Nikaliacha lipite. Siku kama tisa baadaye, Kisoda anarudi juu peke yake kutafuta chakula, anamkuta bibi anapika kwa kuni mbichi, anaona huruma anakaa kumsaidia kupuliza moto, anapuliza, anapuliza, anakohoa, halafu anachungulia kwenye sufuria ya maji anaona macho yake mwenyewe mekundu kama ya bibi. Bajaji nzima kimya. Yule wa darasa la pili akasema taratibu, "Kumbe ni moshi." Ni yeye huyohuyo ambaye mama yake amemuondoa, Mhariri, ndo aliyesema. Natamani mama angekuwepo kwenye kile kiti.

Watoto hawa nyumbani wana katuni kwenye simu na kwenye ving'amuzi, wanajua majumba ya barafu, wanajua mazimwi yenye mabawa na shule za huko ughaibuni, na sina ugomvi na hizo, ni nzuri. Ila siku nilipowaambia mlango wa nchi ya ajabu uko kwenye mbuyu wa njia ya kwenda Hombolo, yule wa darasa la tano aliniambia haiwezekani, huku hamna. Mambo ya ajabu yako kwa wenzetu, huku hamna. Mtoto wa Dodoma, ambako mibuyu iko kila upande na mawe yamebebana kama mtu kayapanga kwa mkono, ameshajua kwamba kwao hakuna mlango. Hilo limeniuma kuliko hela ya abiria niliyempoteza. (Sasa hivi wanataka niingize na treni ya umeme, ile iliyoanza kuja Dodoma 2024, nimekataa, huko chini hakuna kinachokwenda kasi, ila nikirudi juu nitawafikiria.)

Na sio jambo geni kwenye lugha yetu. Shaaban Robert alishaipandisha nchi nzima angani, Kusadikika, mwaka 1951. Sisi wa umri wangu tulikuwa na Mama na Mwana ya Redio Tanzania, redio moja nyumba tano, mambo ya ajabu yanatoka mle ndani na hakuna mtoto aliyegeuka kuwa mchawi. Sasa hivi kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu chini ya Taasisi ya Elimu, na hadithi za watoto zimo, hongera kwao. Lakini kitabu ni hela, na kitabu kikitoka mpaka kifike kwa mtoto wa Ilazo, achilia mbali Bahi au Chemba, ni safari ndefu. Gazeti linafika. Gazeti linasomwa na baba, linaenda kwa jirani, halafu linafungia maandazi, na mtoto akimaliza andazi anasoma karatasi, nimewaona kwa macho yangu wanasoma habari za zabuni za serikali na matangazo ya mirathi kwa sababu ndo kilichofungia. Kwanini wasikute hadithi pale?

Ndo ombi langu. Tupeni nusu ukurasa kila Jumamosi, hadithi ya watoto, ya ajabu, inayoendelea wiki hadi wiki kama zilivyo zile za mapenzi za wakubwa, na mtoto aruhusiwe kuandika barua kusema anavyotaka iende, kama yule wa darasa la nne alivyonipa kanuni ya uzito. Sio lazima iwe yangu. Wapo walimu, wapo bibi, wapo vijana wa chuo hapa mjini wanaoweza kuandika vizuri kunizidi mara mia. Ila ziwe za huku, ziwe na vumbi na zabibu na maji ya kisima, na msiogope zikiwa na mtoto mwizi ndani yake. Na mzazi asome kwanza, halafu akiona pabaya aseme pale pale kwenye gazeti, tumjibu, tubishane, kuliko mtoto kushikwa mkono na kuingizwa ndani katikati ya hadithi.

Maana hilo la mwisho linaninyima raha. Yule mtoto ameishia pale ambapo Kisoda na Pancha wameshapanda na kibuyu na Nusu amebaki chini kwa tembo, mlango wa mbuyu unafunga. Alishuka kwenye bajaji siku hiyo anauliza, "Atatoka? Anko, atatoka?" nikamwambia kesho. Kesho haikuja. Mama yake anasoma gazeti lako, huwa namuona nalo pale getini jioni, kwa hiyo kama utalichapa hili, mama, kwa ruhusa yako, naomba umsomee mwanao hapa chini.

Nusu hakulia. Tembo alikuwa na swali moja tu ambalo tangu azame hakuna aliyemjibu, alitaka kujua kama mvua ilinyesha baada ya yeye kuzama. Nusu akamwambia ilinyesha, inanyesha kila mwaka, mwaka mwingine kidogo, na kile kijito kikapata mji. Tembo akanyamaza muda mrefu. Halafu akamwambia panda mgongoni, akaanza kusimama, na huku juu stendi nzima watu wakasikia ardhi inatetemeka wakadhani ni treni. Kandambili ya bluu Nusu ameishika mkononi. Imekuwa nyepesi kidogo.

Dereva bajaji,
Ilazo, Dodoma